Nani anamaliza samaki wa bwawa lako? Soma ukingo kabla ya kumshtaki fisi maji

Wenye mabwawa ya samaki pembeni ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kabare na Walungu hadi Nyangezi, huniletea kesi ambayo hukumu yake imeshatoka: fisi maji amemaliza tilapia. Wengine wamekwisha nunua na mtego. Mimi ni mtekniki wa ufugaji wa samaki, na kabla ya kuzungumza habari za fisi maji huuliza kwanza: wamepotea samaki wa ukubwa gani, wamepotea mchana au usiku, na umejuaje kwamba wamepotea?

Hilo la mwisho huwaudhi watu, lakini ndilo linalofunga kesi nyingi. Mtu aliweka vifaranga, akapiga hesabu kwamba baada ya miezi sita atavua tilapia wa kujaza sahani. Siku ya kuvua anatoa vidagaa vya kidole. Anasema wakubwa wameliwa, kumbe hao wakubwa hawakuwahi kuwepo. Bukavu iko kama mita 1500 juu ya usawa wa bahari, maji ya mabwawa yetu ni ya baridi, na tilapia akikaa kwenye maji ya chini ya nyuzi 20 anakula kidogo na kukua polepole mno. Juu ya hayo anazaa mapema, angali mdogo, hadi bwawa linajaa watoto wanaogombania chakula kilekile. Hapo hakuna mwizi, kuna msongamano.

Kuna pia waliojiondokea. Mvua zikishika kuanzia Septemba, maji hupita juu ya tuta au kwenye bomba la kupunguzia maji lisilo na wavu, na samaki nao wanafuata. Kagua mfereji wa chini kesho yake. Ukikuta watoto wa jirani wanaokota tilapia kwenye majani, usihangaike na mitego.

Halafu kuna wanaokufa alfajiri. Bwawa lililojazwa samadi, maji yamekuwa kijani kizito, huishiwa oksijeni karibu na mapambazuko. Samaki wanapanda juu kuhema, wanyonge wanakufa. Saa moja asubuhi mwewe na kunguru wameshafika, na sentineli, mlinzi wa bwawa, anakuja mbio kusema ndege wanamaliza samaki. Aliyekutwa anakula mzoga si lazima awe ndiye aliyeua. Ukiwahi pale saa kumi na moja ukaona midomo ya samaki juu ya maji kila mahali, punguza samadi na ongeza maji mapya.

Sasa tuseme umevuta wavu, umehesabu, na kweli samaki wamepungua. Ukubwa wa waliopotea unakuondolea nusu ya washukiwa. Wakipotea vifaranga peke yao, usiangalie nje ya bwawa, angalia ndani. Vyura wa majini wenye kucha, wale wenye ngozi laini ambao ni nadra kutoka majini, hula mayai na watoto wa samaki. Kambale mmoja aliyeingia na maji ya mto anaweza kufagia vifaranga wapya bila mtu kumwona, kwa sababu anakaa chini kwenye tope. Dawa yao ni moja: kausha bwawa kabisa, tia chokaa, na uweke wavu wa matundu madogo kwenye mlango wa maji kabla ya kujaza tena.

Wakipotea wa ukubwa wa kidole hadi wa kiganja, na wanapotea mchana, mimi huwashuku ndege kwanza. Mdiria mweusi kwa mweupe humwona kila mtu, kwa kuwa husimama hewani akipiga mabawa kisha anajitupa majini. Ila yeye anabeba wadogo tu. Mnandi ndiye mharibifu hasa: anapiga mbizi, anafukuza samaki chini ya maji, na wale wanaomponyoka wanabaki na mikwaruzo ubavuni, maana ncha ya mdomo wake imepinda. Korongo hana haraka. Anasimama kwenye maji ya kina kifupi hadi samaki apite, anachoma. Aliyemkosa hubaki na tundu mgongoni. Kwa hiyo, badala ya kushinda ukingoni ukisubiri mkosaji, vuta wavu mdogo, toa samaki kama ishirini na uwageuze mmoja mmoja mkononi. Majeruhi wanasema mengi kuliko sentineli. Angalia pia miti na vigingi: kinyesi cheupe kilichotiririka chini ya tawi kinakuonyesha nani anapumzika hapo.

Yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, fundichuma, mwacheni. Najua anaogopwa, na kiota chake kikubwa kinawatia watu mashaka. Lakini chakula chake kikuu ni vyura, wakiwemo walewale wanaokula vifaranga vyako. Ukimfukuza umejifukuzia kibarua asiyelipwa.

Wakipotea usiku, kazi inahamia ukingoni. Jioni, chagua sehemu ambapo majani yamelala kama njia, palilia upana wa mkeka mmoja, mwaga majivu yaliyochekechwa au mchanga laini ulioloa kidogo, sawazisha kwa ubao. Rudi kabla jua halijachoma. Fisi maji mkubwa asiye na kucha anaacha vidole vitano vinene, virefu, bila alama yoyote ya ukucha mbele. Mguu wake wa mbele unafanana na kiganja cha mtoto. Fisi maji mdogo mwenye madoa shingoni, anayeishi ziwani Kivu, ana kucha na ngozi kati ya vidole. Huyo huwinda kwa macho na anapenda maji safi, ndiyo maana sitarajii sana kumkuta kwenye bwawa la kijani la Walungu, labda kama bwawa liko karibu kabisa na ziwa. Nguchiro wa maji naye ana vidole vilivyotawanyika, kucha zinaonekana, ngozi katikati hakuna, na unyayo wote ni mdogo kuliko wa fisi maji asiye na kucha. Kenge hupita mchana na mkia wake unachora mstari katikati ya nyayo. Watu wa Kamanyola na uwanda wa Ruzizi wanamfahamu vizuri. Mamba msinitajie: Ziwa Kivu halina.

Nyayo zikikosekana kwa sababu ya mvua, tafuta mavi. Kule Nyangezi mama mmoja alinipeleka moja kwa moja kwenye jiwe bapa kando ya tuta.

"Agronomu, ona mwenyewe. Ni fisi maji tu, kila usiku anakuja kunya hapa."

"Mama, unaweza kunipatia bakuli kuukuu na maji?"

Nililoweka yale mavi, nikayasambaratisha kwa kijiti na kumwaga maji machafu taratibu. Yaliyobaki chini yalikuwa vipande vya gamba, vyekundu vya kahawia, vyenye kingo kali, na ncha mbili za gando. Kaa wa mtoni. Magamba ya samaki yalikuwa machache, ya kuhesabika. Nyayo ndogo zenye kucha kwenye tope la pembeni zilinionyesha nguchiro wa maji. Tena tuta la mama lilikuwa na matundu ya kaa kila hatua chache, na sehemu mbili lilikuwa linavuja. Mnyama aliyetaka kumtega alikuwa anamla adui wa tuta lake. Samaki wake walikuwa na mikwaruzo ubavuni, na juu ya mti wa avoka kulikuwa na minandi.

Tulichofanya pale kilikuwa cha bei ndogo: nyuzi za kuvulia zilivutwa kutoka ukingo hadi ukingo, kwa nafasi ya kama nusu mita, na majani ya ukingoni yakafyekwa. Kwa korongo, chimba kingo ziwe na kina cha zaidi ya nusu mita tangu mwanzo, akose pa kusimama. Chandarua cha mbu kiacheni kitandani. Kikitandazwa bwawani kinanasa ndege na kuoza haraka.

Na akiwa kweli ni fisi maji? Utaona mabaki: mkia na kipande cha mwili ukingoni, maana samaki mkubwa anamtoa nje na kuanza kumla kichwani. Zungushia bwawa wavu wa chuma, uzikwe angalau sentimita thelathini ardhini, na funga mbwa karibu. Sumu usiguse. Maji ya bwawa lako yanashuka kwenye kijito ambako mtu mwingine anateka ya kunywa. Tena fisi maji wa aina zote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, na Kongo ni mwanachama wa mkataba huo.

Amebaki mshukiwa ambaye hakuna anayependa kumtaja. Mnyama huchukua wachache kila usiku. Wakipotea wengi kwa mara moja, wakubwa tu, maji yakabaki na tope asubuhi nzima, tembea tuta zote mbili zinazotazamana. Majani yakiwa yamelala pande zote mbili kwa urefu mmoja, hapo wavu ulivutwa na watu wawili au zaidi. Matawi ya miiba yaliyozamishwa katikati ya bwawa yatawararulia wavu wao. Wewe kumbuka tu umeyaweka wapi kabla ya siku yako ya kuvua, na usimweleze kila anayepita kazini kwako.