Sebule ndogo yenye meza ya chakula humohumo: mnayoambiwa na yaliyo kweli

Mtu akihamia nyumba ambayo sebule na sehemu ya kulia chakula ni chumba kimoja, tena kidogo, ushauri anaopewa ni uleule kila siku, paka nyeupe, sukuma kila kitu ukutani, nunua vitu vidogo vidogo, weka kioo kikubwa. Mi nimeishi na chumba cha namna hiyo miaka kadhaa, kama mita tatu na nusu kwa tano hivi, na ushauri wote huo niliufuata. Karibu wote ulinishinda kwa sababu moja, ulikuwa unahangaika chumba kionekane kikubwa wakati shida yangu ilikuwa kupita tu, yaani nitoke jikoni na sahani mkononi nifike mezani bila kumwambia mtu asogeze miguu. Ukishajua watu wanapita wapi, mapambo mengi yanajipanga yenyewe, na hiki ndo kitu hawakwambii.

Dhana: chumba kidogo kinataka fanicha ndogo ndogo

Hapana. Viti vya mmoja mmoja vitatu, stuli nne, vimeza viwili vya pembeni, hivo vyote vidogo lakini hebu hesabu miguu inayogusa sakafu alafu uniambie jicho litapumzikia wapi. Na kila kiti kinataka nafasi yake pembeni, kwa hiyo vinakula sakafu kuliko sofa moja ya watu watatu. Kinachotakiwa kuangaliwa kwenye sofa ni mikono yake, ile minene inaweza kufika sentimita 25 kila upande, hapo tayari umepoteza nusu mita ambayo hakuna mtu anakalia. Tafuta yenye mikono myembamba na miguu iliyoinuka uone sakafu kwa chini, chumba kinapumua mara moja.

Dhana: kila kitu kibandikwe ukutani ili katikati pabaki wazi

Hii naielewa inatoka wapi, na kama chumba ni chembamba sana kweli huna namna, sofa itaegemea ukuta. Ila kwenye chumba chenye meza ya chakula humohumo, ukisukuma kila kitu ukutani unapata uwanja katikati usio na kazi yoyote, na huku mwisho meza imebanwa ukutani imepoteza upande mzima wa kukaa watu. Jaribu kuigeuza sofa iipe mgongo meza ya chakula. Ule mgongo ndo unakuwa mpaka, huku ni kukaa, kule ni kula, na hujajenga kitu wala hujanunua kitu.

Sasa kabla hujasogeza chochote chukua futi ya kupimia. Njia kuu ya kupita, ile ya kutoka mlangoni kwenda jikoni au vyumbani, iwe sentimita 75 mpaka 90. Kati ya sofa na meza ya katikati sentimita 40 au 45 zinatosha, hapo unafikia kikombe bila kuinuka na magoti yanapita. Nyuma ya viti vya kulia chakula acha kama sentimita 75 mtu avute kiti akae, na kama kuna watu watapita nyuma yake akiwa amekaa basi iwe 90 au zaidi. Ukimaliza kupima, chora fanicha zako sakafuni kwa tepu ya karatasi, au tandaza magazeti yenye ukubwa uleule, uishi nayo siku mbili. Ukijikuta unakanyaga magazeti kila ukipita basi hiyo fanicha haikai hapo, hata kama kwenye picha ilipendeza vipi.

Dhana: meza iwe kubwa, siku wageni wakija itakuwaje

Hapa ndo watu wengi tunaumia, na mi nimo. Nilinunua meza ya watu sita, sentimita 160 kwa 90, dukani ilionekana ya kawaida kabisa maana duka lina ukumbi mkubwa. Nyumbani ukiweka na sentimita 75 za kuvuta viti kila upande, meza hiyo inataka eneo la mita 3.1 kwa 2.4. Kwenye chumba cha mita tano urefu inabaki mita 1.9 ya sofa, meza ya katikati, tivii na watu kupita, haiwezekani, basi tukawa tunakula tumejikunja siku zote kwa ajili ya wageni wa mara mbili kwa mwaka.

Ukweli ni kwamba mtu mmoja anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza ili ale bila kugongana viwiko na jirani. Kwa watu wanne meza ya mstatili ya 120 kwa 75 inatosha, au ya duara yenye upana wa sentimita 90 mpaka 100. Ya duara mi naipenda zaidi kwenye chumba kidogo kwa sababu haina kona za kugonga nyonga, na ikiwa na mguu mmoja wa katikati unaweza kumuongeza mtu wa tano akajibana bila kukaa amepanua miguu kwenye nguzo ya meza. Kama wageni kweli wanakuja mara kwa mara tafuta meza ya kurefusha au yenye mabawa ya kukunja, siku za kawaida iko fupi. Benchi nayo inasaidia sana upande wa ukutani maana ukimaliza kula unaisukuma chini ya meza yote inapotea, kiti chenye egemeo huwezi kukifanyia hivo.

Dhana: nyeupe ndo inakuza chumba

Nyeupe inarudisha mwanga uliopo, haitengenezi mwanga. Kama dirisha lako ni moja na linatazama ukuta wa jirani, nyeupe kali kwenye zile kona za mbali inageuka kijivu, chumba kinaonekana kimechoka hata kama rangi ni ya jana. Hapo rangi yenye joto kidogo, krimu au ya mchanga, inakaa vizuri zaidi. Na rangi iliyokolea sio adui, ukuta mmoja wa upande wa kulia chakula ukipakwa kijani cha giza au rangi ya udongo unafanya ile kona ionekane ina sababu ya kuwepo. Ila usinunue ndoo kwa kuangalia kile kipande kidogo cha kadi, paka kwenye boksi kubwa, uliegemeze ukutani, uliangalie asubuhi na tena usiku taa zikiwa zimewaka, utashangaa ni rangi mbili tofauti.

Dhana: taa moja kali ya katikati inatosha

Inatosha kutafutia sindano. Chumba chenye kazi mbili kinataka angalau sehemu mbili au tatu za mwanga, taa ya kuning'inia juu ya meza, taa ya pembeni ya sofa, na ile ya dari ibaki ya kufanyia usafi. Ya juu ya meza iishie sentimita 75 mpaka 90 kutoka usawa wa meza, ikiwa juu zaidi inakupiga machoni, ikiwa chini zaidi hamuonani. Alafu angalieni boksi la balbu jamani, kuna namba imeandikwa K. 2700 au 3000 ni mwanga wa njano laini wa jioni, 6500 ni ule mweupe wa kibuluu. Ukichanganya hizo mbili kwenye chumba kimoja kidogo hakuna pambo litakaloelewana na lingine. Na ung'avu unasomwa kwenye lumeni sio wati, balbu ya LED yenye lumeni kama 800 inatoa mwanga sawa na ile ya zamani ya wati 60 huku yenyewe inakula wati 8 mpaka 10 tu.

Mengine ya haraka haraka

Usichukue zulia dogo eti kwa sababu chumba ni kidogo, linaelea katikati kama limesahauliwa. Angalau miguu ya mbele ya sofa ilikanyage. Chini ya meza ya chakula likiwekwa lazima lizidi meza kama sentimita 60 kila upande, la sivyo kiti kinanasa kila ukikivuta, na kama una watoto wadogo ningesema acha sakafu wazi tu.

Kioo hakikuzi chumba, kinarudia kilicho mbele yake. Kikitazama dirisha umepata mwanga, kikitazama rundo la nguo umepata marundo mawili.

Pazia liishie pale dirisha linapoishia? Hapana, bomba lipandishe karibu na dari na lizidi dirisha sentimita 15 au 20 kila upande, ukifungua kitambaa kinalala ukutani na kioo chote cha dirisha kinabaki wazi.

Rafu ya kugawa chumba isifike darini na isiwe na mgongo, ikiwa hivo inakata mwanga wa upande mmoja kabisa. Isizidi macho ya mtu aliyekaa, yaani kama mita 1.2 hivi.

Na hili la kwamba viti vya kulia lazima vifanane na sofa, au vyenyewe kwa vyenyewe, limefanya watu wanunue seti nzima wasizohitaji. Rudia kitu kimoja tu, mbao ya aina moja au rangi moja kwenye mito na kwenye viti, inatosha kuviunganisha. Mi ile meza kubwa niliiuza, nikachukua ya duara na viti vinne, viwili vya mbao viwili vya chuma. Viti vingine viwili vipo, kimoja kinawekewa taa pembeni ya kitanda na kingine kipo kwenye meza ya kazi, wageni wakija vinatoka vinakuja mezani.