Umeme wa runinga na friji ndani ya lori: usiuchukue kwenye betri moja

Dereva anayepeleka mzigo wa Burundi kupitia Manyovu, au wa Kongo kupitia bandari ya Kigoma, anaweza kusubiri nyaraka au meli kwa siku kadhaa, na muda wote huo kebini ndiyo chumba chake, sebule yake na jiko lake. Ndiyo maana mimi, nikiwa fundi umeme wa magari hapa Tabora, sikubaliani na wenye malori wanaosema kwamba runinga na friji ni anasa. Mtu aliyekunywa maji ya baridi, akasikiliza mpira na kulala vizuri, huendesha vizuri kesho yake. Ninachokipinga ni namna umeme wa vifaa hivyo unavyochukuliwa.

Malori makubwa mengi, yawe Scania, Howo au FAW, hutumia mfumo wa volti 24, unaopatikana kwa kufunga betri mbili za volti 12 kwa mfululizo, chanya ya moja ikaenda kwenye hasi ya nyingine. Vifaa vya burudani, kwa upande wake, vingi ni vya volti 12: redio, sabufa, king'amuzi na runinga zile za sola. Fundi mwenye haraka huchukua waya na kuufunga katikati, yaani kwenye ile betri ambayo hasi yake imeungwa na bodi ya gari. Redio inawaka, dereva anaridhika, na kazi nzima imegharimu mita chache za waya tu.

Tuchukue mfano wa gari lililosimama kutwa, lenye betri mbili za ampea-saa 150 kila moja. Friji ndogo ya kompresa ya wati 45, ambayo mota yake huzunguka kama nusu ya muda, hula takriban wati-saa 540 kwa saa 24. Runinga na king'amuzi chake, wati 45 kwa pamoja, vikiwashwa kwa saa sita huongeza 270. Taa na simu zikichukua 90, jumla inafika 900. Mzigo huo ukibebwa na betri zote mbili kwa volti 24, kila moja imetoa ampea-saa 37.5, ambayo ni robo yake. Ukichukuliwa kwenye betri moja, betri hiyo imetoa ampea-saa 75, nusu ya uwezo wake, ilhali mwenzake hajaguswa. Ikumbukwe pia kwamba betri za kuwashia injini zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Kushushwa hadi nusu mara kwa mara huzimaliza mapema.

Hasara kubwa zaidi huja gari likishawashwa. Altaneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji, hutoa takriban volti 28 kwa betri zote mbili kwa pamoja, wala haina namna ya kujua kwamba moja imechoka na nyingine imejaa. Ile iliyoshuka inaweza kubaki kwenye volti 13 hivi, na 15 zinazobaki zinaiangukia ile iliyojaa, ambayo sasa inachajiwa kupita kiasi na kuanza kuchemka. Ya kwanza haijai hata siku moja na sahani zake zinaota salfa. Ya pili inakauka maji. Dereva hufika akiuliza, "Fundi, betri hizi nilizinunua dukani siku moja, mbona hii inakufa na mwenzake mzima?" Ukifungua vizibo unakuta huyo anayeitwa mzima maji yake yameshuka hadi sahani zinaonekana juu, na terminali yake imevaa unga mweupe wenye ukijani. Zote mbili zinaumwa, kila moja kwa ugonjwa wake. Kubadilisha moja tu hakusaidii sana, kwa sababu mpya ikifungwa na iliyochoka tofauti inaanza upya. Badilisha zote mbili, za aina na ukubwa uleule.

Dawa ya vifaa vya volti 12 ni konveta ya 24 kwenda 12, inayochukua umeme kwenye betri zote mbili na kuushusha. Ya ampea 20 hutosha redio, king'amuzi na runinga ya kawaida ya sola. Ifungwe mahali penye hewa, isifukiwe chini ya godoro, kwa maana hutoa joto. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwani waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi iliyo mbali, huko kebini, haitauokoa.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo ina mahali pake, ila wengi huitumia pasipohitajika. Runinga ya volti 12 ikichomekwa kwenye inveta, umeme unapandishwa hadi 230 kisha adapta inaushusha tena hadi 12, na kila hatua inapoteza kiasi. Zaidi ya hayo, inveta iliyoachwa imewashwa hula betri hata kama hakuna kilichochomekwa. Ukilazimika kuinunua, iwe ya volti 24, na kama itaendesha feni au friji ya umeme wa nyumbani, chagua ile ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, maana zile za bei rahisi hufanya mota ziungurume na kupata moto.

Jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi dukani ni kwamba kinga ya inveta hailindi starta yako. Inveta nyingi za volti 24 hujizima betri zikifika volti 21 au chini yake, na hapo injini imeshagoma zamani. Betri zikiwa zimepumzika, volti 25.4 maana yake zimejaa, na 24.4 ni takriban nusu. Mimi hufunga kifaa kidogo cha kukata mzigo na kukiweka kwenye volti 24.2, na dereva huamka gari likiwaka.

Kwa anayesubiri mpakani mara kwa mara, suluhisho kamili ni betri mbili za sola za pembeni, zenye relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayoziunga na altaneta injini ikinguruma na kuzitenga ikizimwa. Za lithiamu ni nyepesi na zinadumu, lakini zisifungwe moja kwa moja: huvuta umeme mwingi mno na zinaweza kuunguza altaneta, hivyo zinahitaji chaja yake katikati. Paneli mbili za wati 100 juu ya kebini, zikifungwa kwa mfululizo pamoja na kidhibiti chaji, siku ya jua zuri hurudisha wati-saa 700 hivi, zaidi ya robo tatu ya mahitaji ya mfano wetu. Wakati wa kiangazi zifutwe kila asubuhi, kwani vumbi jekundu la huku hupunguza kazi yake, na kati ya Novemba na Aprili usizitegemee peke yake.

Ukitaka kujua kama lori lako limefungwa kwenye betri moja, liache lilale bila kuwashwa, kisha pima kila betri peke yake kwa mita. Tofauti ikizidi volti 0.2, fuata nyaya zilizo kwenye kiungo cha katikati. Pale panatakiwa kuwe na kebo moja nene tu.