Ile namba kubwa ni ya kushusha, wazee wangu

Nimeletewa tena lalamiko la mtandao. Safari hii ni mzee wa usharika hapa Mtwara, kanitumia picha ya kipimo cha spidi: megabiti 38, na chini yake, "Fundi, mtandao tunao, mbona ibada tunayorusha mubashara inakatika?" Kabla yake alikuwa mhasibu wa ofisi moja Masasi: mkutano wa video na Dar unagandaganda, basi kazi za kufanyia mbali ni za Ulaya, Kusini hatuziwezi.

Wote wawili wanasoma namba ya kushusha, yaani kasi ya kupokea kutoka mtandaoni. Ibada inapandishwa, inatumwa kutoka kwenu kwenda mtandaoni. Namba ya kupandisha ipo palepale pembeni, na ndiyo ndogo, kwa kuwa mitandao ya simu imepangwa kwa watu wanaotazama, na wengi wetu ni watazamaji. Halafu kipimo huchukua sekunde chache. Ibada ni saa mbili. Wastani haukuangushi. Kinachokuangusha ni zile dakika mbili za katikati ya mahubiri, mnara umeelemewa, kupandisha kumeshuka hadi nusu megabiti.

Video ya ubora wa 720 inataka kama megabiti 2.5 kwa sekunde, yaani zaidi ya GB 1 kwa saa. Sauti peke yake inatosheka na kilobiti 64, kama MB 30 kwa saa. Tuma sauti! Hapo kamati hununa, maana kamera imeshanunuliwa.

Na sauti yenyewe isiwe ya simu iliyosimamishwa katikati ya kanisa la bati, inayonasa feni, mwangwi, na mchungaji kwa mbali. Chukua kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Ila, na hili nimelisema mpaka koo limekauka, usichukue ile inayokwenda kwenye spika za ukumbini! Ngoma na kwaya zinajitosheleza ukumbini, fundi wa mixa amezishusha au hakuziwekea maiki kabisa. Aliye nyumbani atasikia kinanda na mwanakwaya mmoja aliyesimama karibu na mimbari. Tumia njia ya pembeni ya mixa, ipangie mizani yake, mtu avae hedifoni asikilize, na weka maiki moja ya kunasa waumini. Mgonjwa aliye kitandani anataka kusikia na "Amina" za wenzake.

Ofisini ni vilevile: zima kamera, tuma mafaili kabla ya mkutano, andika mlichoamua. Minada ya korosho tangu msimu wa 2024/25 inapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, mnunuzi halazimiki kufika Newala, lakini kwenye biashara hiyohiyo bado kuna watu wanapeleka fomu kwa basi.

Eti ibada na kazi za mtandaoni zilikuwa mambo ya korona. Mwaka 2020 zilifungwa shule, nyumba za ibada hapa kwetu zilibaki wazi. Mimi mfano wangu ni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kimepita, mvua zikaikata barabara ya Dar kule Kilwa, magari yakalala njiani. Kabla hatujatulia, Jumapili tarehe 12, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini, intaneti ya nchi ikawa ya kusuasua. Kwa hiyo anayekuuzia mtandao kama mbadala wa kila kitu mkimbie, na anayesema safari zinatosha mkimbie pia. Rekodi ibada, pandisha usiku mnara ukiwa mtupu, sambaza kwenye kundi la WhatsApp. Mubashara ni anasa.

Yapo yanayonitatiza. Hesabu ya watazamaji siiamini, hainiambii nani alikaa hadi baraka. Chakula cha Bwana hakipiti kwenye waya wangu, hilo nawaachia wachungaji. Na mfanyakazi mpya: aliyeijua kazi ataifanya hata akiwa Nachingwea, lakini mgeni wa kazi, peke yake nyumbani, anakwama kimya kimya na hakuna anayemwona. Hao nawaambia waajiri wawakalishe kwanza karibu na mtu anayeijua kazi. Wakiniuliza kwa muda gani, nababaika.