Mlinganyo usio wa mstari unaweza kuwa na jibu kamili

Wanafunzi wengi wa hisabati hapa Mbeya huamini kwamba mlinganyo wa mawimbi usio wa mstari (yaani ambao majibu yake mawili hayawezi tu kujumlishwa yakatoa jibu jingine) ni wa kukadiria kwa kompyuta tu. Kwa milinganyo mingi, ndivyo. Lakini uko mlinganyo wa Korteweg na de Vries wa mwaka 1895. Unahusu mawimbi marefu kwenye maji ya kina kifupi (si ya katikati ya Ziwa Nyasa), na una majibu kamili.

Miaka ya 1970, Novikov, Dubrovin, Its, Matveev na wenzao waliyapata mengi kwa jiometri ya aljebra, yaani jiometri ya maumbo yanayoelezwa kwa milinganyo ya polinomia. Kila wimbi la aina fulani linalojirudia hubeba kurva yake, mfano y² = (x − e₁)(x − e₂)…(x − e₅). Wimbi hubadilika umbo kila dakika, ila hizo namba e hazibadiliki kamwe. Utamu wote uko hapo! Ukihamia kwenye Jakobiani ya kurva hiyo (nafasi maalumu inayojengwa kutokana na kurva), vurugu yote inakuwa mwendo ulionyooka, wa kasi ileile. Jibu huandikwa kwa theta ya Riemann, ambayo ni fomula ya mfululizo maalumu.

Ukizisogeza e hizo mbilimbili hadi zikutane, unapata mawimbi pweke (vilima vya maji vinavyosafiri vikitunza umbo lao), ya aina aliyoifuata mhandisi Mskoti John Scott Russell kwa farasi kando ya mfereji karibu na Edinburgh mwaka 1834.