Kupanga Nyaraka za Historia ya Ukoo, Kuanzia Sandukuni Hadi Kwenye Kompyuta

Anayekusanya historia ya ukoo wake hujikuta baada ya muda na bahasha za vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, hati za nikahi, barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, stakabadhi za kodi, picha zisizo na majina, na faili nyingi zilizotapakaa kwenye simu na kompyuta. Wengi huanza kwa kuzitandaza karatasi zote mezani na kumtengea kila ndugu fungu lake. Sisi watunzaji wa nyaraka tunasihi jambo hilo lisifanyike kabla ya kuandika kila karatasi imetoka wapi.

Picha isiyo na jina iliyokutwa katikati ya barua za shangazi inabeba dalili ya wahusika wake. Ikishachanganywa na picha za upande wa mama, dalili hiyo hupotea na hakuna mtaalamu atakayeirudisha. Kwa hiyo karatasi zipangwe kwa asili yake: zilizotoka katika sanduku la babu zikae pamoja kwa mpangilio zilivyokutwa, na za shangazi zikae peke yake. Kazi ya kuzitafuta kwa majina ya watu iachiwe jedwali la kompyuta, ambalo linaweza kuitaja hati moja kwa watu wanne bila kuihamisha mahali pake.

Kila karatasi ipewe namba, iandikwe nyuma pembeni kwa penseli laini, kwa maana wino hupenya. Namba hiyo ndiyo ianze jina la faili: S2-014_1957-08-14_stakabadhi-ya-kodi ni hati ya 14 ya sanduku la pili, ya tarehe 14 Agosti 1957. Ndani ya tarehe, mwaka hutangulizwa kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa kuyasoma kutoka kushoto.

Watu nao wapewe namba. Katika koo zetu mjukuu mara nyingi hurithi jina la babu, na mwanamke mmoja anaweza kutajwa kwa jina la kuzaliwa katika cheti, kwa jina la ubatizo katika kitabu cha kanisa, na kama mama wa fulani katika barua.

Tarehe zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1383 Hijria ulianza Mei 1963 na kwisha Mei 1964. Hati ya nikahi ya Zanzibar yenye mwaka huo peke yake inaweza kuwa ya kabla ya uhuru wa Desemba 1963, au ya baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Anayeandika “1963” tu katika jedwali ameamua jambo ambalo hati haikulisema. Andika tarehe kama ilivyo, kisha makadirio yako katika safu nyingine. Fanya hivyo kwa mahali pia: hati ya Geita ya mwaka 1985 itataja Mkoa wa Mwanza, kwani Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012.

Kuhusu utunzaji, ondoa pini na vibanio vya chuma, ambavyo hushika kutu upesi, hasa pwani. Usitumie selotepu, wala usizibe hati za asili ndani ya plastiki kwa mashine ya joto, maana kuitoa tena bila kuiharibu ni vigumu mno. Masanduku yainuliwe kutoka sakafuni na yasigusane na ukuta wa nje, kwa ajili ya unyevu na mchwa.

Karatasi zipigwe skana kwa nukta 300 kwa inchi, na picha ndogo kwa nukta 600. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, basi itumwe kama faili la hati. Wekeni nakala tatu katika vifaa vya aina mbili, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi moja droo­ni si hifadhi. Jedwali lenyewe lichapwe kila linapobadilishwa na kuwekwa ndani ya sanduku, ili atakayelirithi bila nywila ya kompyuta ajue kila namba inamhusu nani.