Robert Smalls hakuwa shujaa wa usiku mmoja

Mei 13, 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yaliyotetea utumwa, Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli iitwayo Planter, aliitorosha meli hiyo kutoka bandari ya Charleston, South Carolina, huku maofisa wake wazungu wamelala nchi kavu. Alipiga honi za ishara mbele ya Sumter, ngome ya Kusini, kama ilivyotakiwa, walinzi wakampisha, akaifikisha kwa manowari za Kaskazini akiwa na mkewe Hannah, watoto na mabaharia wenzake. Hayo ni kweli tupu. Upotofu umejaa katika yanayosimuliwa baada yake.

"Alikuwa nahodha wa Jeshi la Majini." Aliiongoza Planter chini ya moto wa mizinga, lakini kama raia wa kuajiriwa, bila kamisheni, yaani hati rasmi ya uofisa. Kukosa karatasi hiyo kulimuumiza. Pensheni ya hadhi ya nahodha, dola 30 kwa mwezi, hakuipata hadi mwaka 1897, tena kwa sheria maalumu ya Bunge la Marekani. Cheo chake cha meja jenerali kilikuwa cha wanamgambo wa jimbo, baada ya vita.

"Vita vilimpeleka moja kwa moja Washington." Huku ndiko kumpunja hasa. Alianzia kwao, South Carolina. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo, akapigania shule za umma za bure kwa watoto wote. Kabla ya vita, sheria za jimbo hilo zilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Smalls mwenyewe alijifunza ukubwani. Mwaka huohuo akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, na 1870 akaenda Seneti ya jimbo, akakaa hadi 1874. Bunge la taifa lilifuata 1875. Kwangu mimi, kifungu kile cha shule kina uzito kuliko meli: meli iliwakomboa waliokuwa ndani yake, shule ziliwafikia watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa.

"Wabunge weusi wa enzi ile walikuwa wala rushwa tu." Ni kweli kwamba mwaka 1877 alitiwa hatiani kwa hongo ya dola 5,000 inayohusu zabuni ya uchapishaji. Wasimuliaji huishia hapo. Kesi ililetwa baada ya wazungu wa chama cha Democratic (Wademokrati), wapinzani wake kisiasa, kurudi madarakani jimboni, na 1879 gavana alimsamehe katika makubaliano yaliyofuta pia mashtaka ya Wademokrati waliotuhumiwa kuvuruga uchaguzi.

"Yote aliyoyajenga yalibomolewa." Mengi, naam. Mwaka 1895 alikuwa mmoja wa wajumbe sita weusi waliopinga katiba mpya ya jimbo, wakashindwa kwa uchache wao. Katiba hiyo iliwapokonya weusi wengi kura na kutenga shule kwa rangi. Lakini hata walioiandika hawakuthubutu kuzifuta shule za umma zenyewe.