Saratani na sukari: maswali ya familia za Tanga

Hapa Tanga, mgonjwa akirudi nyumbani na jibu la saratani, liwe limetoka hospitali ya Bombo, KCMC au Ocean Road, kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni sukari. Chai haikolezwi, maandazi yanafichwa, halua ya Sikukuu inapitishwa mbali. Wapo wanaokonda kwa makatazo ya ndugu wanaowapenda kwa dhati. Ndiyo maana maswali haya nayajibu kwa kirefu.

Mama mdogo ana saratani ya titi. Tumeambiwa saratani inakula sukari. Ni kweli?

Poleni kwa kuuguza. Ni kweli, na jambo hili si geni. Miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba vipande vya uvimbe vinameza glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata pale oksijeni ilipokuwapo ya kutosha. Seli ya kawaida yenye oksijeni huichoma glukosi hadi mwisho. Hizi za uvimbe ziliishia katikati.

Kipimo cha PET kinatumia tabia hiyohiyo. Mgonjwa hudungwa glukosi iliyotiwa mionzi kidogo, kisha mashine inaangalia imekwenda wapi. Saratani nyingi hung'aa kwenye picha. Lakini ubongo nao hung'aa, kwa sababu unaishi kwa sukari saa zote. Hilo la ubongo msilisahau, nitalirudia.

Kwa nini seli hizo zina uroho namna hiyo?

Hapa ndipo penye kiini cha yote. Seli ya msuli, kwa mfano, haijichukulii sukari ovyo, inasubiri ishara. Ukila wali wa nazi mchana, kongosho linamwaga insulini kwenye damu. Insulini inashika kipokezi kilicho juu ya seli, kipokezi kinaamsha protini iitwayo PI3K, nayo inaamsha nyingine, AKT. AKT ikiamka, milango ya kupitisha glukosi inapandishwa kwenye utando wa seli, na vimeng'enya vya kuivunja sukari vinaongeza kasi. Mbele yake ipo protini ya mTOR, inayoiamuru seli ijenge na ikue. Mlo ukipita, insulini inashuka, na protini iitwayo PTEN inasaidia kuituliza njia nzima.

Kwenye saratani nyingi njia hiyo ni kama kengele ya mlango iliyokwama: inalia, na nje hakuna aliyebonyeza. Pengine jeni inayotengeneza PI3K imepata hitilafu, protini ikabaki imewaka muda wote. Pengine PTEN imepotea, hakuna wa kutuliza. Katika saratani za matiti zinazotegemea homoni, jeni hiyo ya PI3K huwa na hitilafu kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10. Kwa wengine kosa liko kwenye jeni za RAS au MYC, ambazo nazo husukuma seli imeze sukari zaidi.

Ipo pia protini iitwayo HIF-1. Uvimbe ukikua haraka, sehemu ya ndani hupungukiwa oksijeni. HIF-1 inapanda na kuwasha jeni za kutumia sukari bila oksijeni na za kuotesha mishipa mipya ya damu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuonyesha jinsi seli zinavyohisi oksijeni. Na mTOR ikishikilia kuwaka, HIF-1 huweza kupanda hata oksijeni ikiwepo, jambo linaloeleza kwa sehemu kubwa kile alichokiona Warburg.

Mara nyingi hitilafu hizi zimo ndani ya seli za uvimbe peke yake. Mama yenu mdogo hakuzipata kwa kunywa chai tamu.

Kama haichomi sukari hadi mwisho, inafaidika nini?

Kwa nishati, inapata hasara. Molekuli moja ya glukosi ikiishia katikati hutoa ATP 2 (ATP ndiyo nishati inayotumiwa na seli), ilhali ikichomwa kabisa kwenye mitokondria, majiko ya nishati ndani ya seli, hutoa kama 30. Warburg alidhani mitokondria za saratani zimeharibika, lakini baadaye ilionekana kwamba nyingi zinafanya kazi. Seli inayogawanyika haraka inahitaji malighafi pia: mafuta ya utando, vinasaba vipya, protini. Vipande vya glukosi isiyochomwa ndivyo vinavyojenga hivyo.

Basi tukimnyima sukari, si uvimbe utakufa njaa?

Hapana, na hapa nawasihi sana. Damu haikai bila sukari. Mtu aliyeshinda na njaa tangu jana bado ana kama milimoli 4 hadi 5 za glukosi kwa lita ya damu, maana ini linaitengeneza. Akiba yake ikiisha, ini linatumia protini iliyotolewa kwenye misuli. Ni lazima, la sivyo ubongo ungezima. Kwa hiyo mgonjwa mnayemnyima uji anakonda mapaja na mikono, na uvimbe ambao milango yake imelazimishwa kuwa wazi unaendelea kuchota kilichopo. Zaidi ya hapo, baadhi ya saratani hutumia amino asidi ya glutamini au mafuta.

Mwili ukidhoofika, dawa za dripu na mionzi huwa ngumu kuvumilia, na wakati mwingine daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha. Mpeni samaki, maharage, mayai, muhogo, matunda. Kama kinywa kina vidonda na kinachopita ni uji wenye sukari kidogo, apewe. Mwenye kisukari afuate mpango wa daktari wake.

Asali na tende je, si vya asili?

Ni vya asili, na vikifika kwenye damu ni glukosi na fruktosi vilevile. Anayevipenda ale kwa kiasi.

Zipo dawa za kuzima hizo ishara?

Zipo. Alpelisib, inayozuia PI3K, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa aina ya saratani ya titi yenye hitilafu katika jeni hiyo. Lakini PI3K ndiyo njia ya insulini kwa mwili mzima, hivyo ukiizuia, sukari ya damu hupanda, wakati mwingine sana. Kongosho nalo hujibu kwa kumwaga insulini zaidi, na insulini hiyo huweza kuiamsha tena njia iliyokuwa imezuiwa. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba, kwa panya, kupunguza wanga kuliisaidia dawa ya aina hii. Lakini mlo huohuo bila dawa uliharakisha saratani ya damu kwa baadhi ya panya. Ndiyo maana sitamwambia mtu aache wanga kwa sababu ya video aliyotumiwa.

Mimi si mgonjwa, ila nina kitambi na napenda soda. Inanihusu?

Inakuhusu. Unene huambatana na insulini iliyo juu kwa miaka mingi, na unahusishwa na saratani ya mji wa mimba, ya utumbo mpana, na ya titi baada ya kukoma hedhi. Punguza soda, tembea.

Bibi yuko kwenye matibabu na anataka kufunga Ramadhani.

Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, naye anaijua vizuri kuliko mimi. Akishikilia kufunga, aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, aende na dawa zake zote kwenye mfuko, zikiwemo za kisukari na presha. Zipo zinazotakiwa kumezwa na chakula, na zipo zinazoweza kumshusha sukari hadi aanguke kabla ya adhuhuri.